Kumwagilia mlimau na mchenza wa kwenye chungu wakati wa baridi: kiasi gani, na baada ya muda gani?

Kibaraza_Kijani

Wakuu, naomba mwongozo. Nina mlimau mmoja na mchenza mmoja, yote miwili ya kubebeshwa, kila mmoja kwenye chungu cha plastiki cha lita 20. Udongo ni mboji, vumbi la makumbi ya nazi na mchanga kidogo. Kwa sasa mchana joto hufika nyuzi 15 au 16, usiku hushuka hadi 5, na utabiri unaonyesha usiku kadhaa wa sifuri au chini yake kidogo. Vyungu vimekaa kibarazani juu ya sakafu ya saruji, na jua linavipiga kuanzia asubuhi hadi saa sita.

Wakati wa joto kila mti ulikuwa unapata lita mbili kila baada ya siku mbili. Sasa udongo wa juu unakauka haraka, lakini ukijaribu kukiinua chungu ni kizito. Majani ya mlimau yanajikunja kuelekea juu ikifika saa nne asubuhi, na baadhi ya majani ya chini yamegeuka njano. Mchenza bado haujaonyesha dalili yoyote.

Je, niongeze maji au nipunguze? Maji ya bomba yakiwa baridi yana madhara? Na kabla ya usiku wa baridi kali, udongo uwe mkavu au uwe na unyevu? Nimesoma majibu yanayopingana.

---

Shina_na_Tawi

Mkuu, anza kwa kuifuta ratiba. Kila baada ya siku mbili, tano, au wiki, hakuna hata moja inayofaa msimu huu. Kinachoamua mti utakunywa kiasi gani ni joto la udongo pale mizizi ilipo, na wewe umetupa joto la hewa tu.

Mizizi ya jamii ya mchungwa hufanya kazi vizuri udongo ukiwa kati ya nyuzi 20 na 30. Ikishuka hadi 13 hivi, ukuaji wake husimama na uwezo wa kuvuta maji hupungua sana. Kwanza, maji yenyewe huwa mazito: mnato wa maji ya nyuzi 5 ni karibu mara 1.7 ya maji ya nyuzi 25. Pili, seli za mizizi hubana vijia vinavyopitisha maji. Kwa hiyo udongo unaweza kujaa maji na mti bado ukawa na kiu.

Ndiyo sababu majani yanajikunja saa nne. Jua limeshayapasha na yanatoa mvuke, lakini chungu kilicholala usiku kucha juu ya saruji bado ni cha baridi. Majani yanadai maji ambayo mizizi haiwezi kuyapandisha. Mwenye mti akiona hivyo huongeza maji, na kwa maoni yangu hapo ndipo miti mingi ya vyungu inapofia, wala si kwenye baridi yenyewe.

Chukua kipimajoto chenye sindano ndefu, hata kile cha kupimia nyama iliyookwa. Kichomeke sentimita 10 kwenda chini, katikati ya shina na ukingo wa chungu. Soma saa moja asubuhi, kisha saa nane mchana. Ukipata zaidi ya 18 saa nane, mwagilia kama kawaida, ila utaona kukauka kunachelewa. Kati ya 13 na 18, mti utatumia nusu ya maji ya kawaida au chini ya hapo. Ukiwa chini ya 13 mchana kutwa, mti umelala. Mpe maji pale tu udongo unapokuwa umekauka hadi karibu theluthi mbili ya kina cha chungu, na hilo laweza kuchukua wiki tatu au nne.

Kisha shughulikia chungu. Kiinue kwa vipande vya mbao au matofali, sentimita 3 hadi 5 kutoka sakafuni, na uhakikishe mbao haizibi matundu. Zungushia ubavuni gunia au tabaka mbili tatu za katoni. Juu na chini paache wazi. Kama unaweza, funika majani kwa kitambaa chepesi hadi saa tano na uliache jua lipige chungu. Watu wengi hufanya kinyume chake: wanakificha chungu kivulini na kuyaacha majani juani. Majani yenye joto juu ya mizizi yenye baridi huishia kudondoka, hata kama hukukosea lolote kwenye maji.

Mbolea acha kabisa kwa sasa. Majani ya chini yanaweza kuwa njano kwa sababu mizizi baridi haivuti naitrojeni ipasavyo, hata kama imo udongoni. Ukiongeza mbolea unaongeza chumvi mahali ambapo hakuna anayeitumia.

---

Mizani_Ndogo

Naunga mkono hoja ya joto la udongo, ila "theluthi mbili ya kina" ni vigumu kuijua kwa macho. Kidole kinafika sentimita 5 au 6 tu, na hapo juu ndipo panapokauka kwanza. Vile vipima unyevu vya kuchomeka navyo vinapotosha, kwani vingi husoma jinsi umeme unavyopita udongoni. Udongo wenye chumvi nyingi huonekana umelowa, na udongo wa chengachenga huonekana mkavu kwa sababu sindano haigusi vizuri.

Pima uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, basi mizani itakwambia moja kwa moja mti umekunywa kiasi gani.

Siku ambayo udongo unahitaji maji, mwagilia taratibu hadi yatoke chini, subiri dakika 30, futa maji yote ya kwenye kisahani, halafu pima. Andika namba hiyo kwenye utepe na uubandike ubavuni mwa chungu. Huo ndio uzito wa chungu kilichoshiba. Baada ya hapo pima kila baada ya siku tatu nne. Kwa mchanganyiko wa mboji na makumbi, kanuni ninayoitumia wakati wa baridi ni hii: usimwagilie mpaka chungu kipungue kilo moja kwa kila lita 10 za ujazo wake. Cha lita 20 kipungue kilo 2, cha lita 35 kilo 3 na nusu. Udongo wenye mfinyanzi mwingi hushikilia maji kwa nguvu zaidi, hivyo kwa huo usingoje sana: gramu 700 kwa kila lita 10 zinatosha.

Kiasi cha kurudisha ni kile kilichopotea, pamoja na asilimia 10 hadi 20 juu yake. Chungu kimepungua kilo 2? Mimina lita 2.2 hadi 2.4, kwa awamu mbili zenye nafasi ya dakika 15. Awamu ya kwanza inalowesha, ya pili inaenea. Ile ziada inayotoka chini ni muhimu, inaondoka na chumvi.

Jambo moja linalowaponza watu: wakiambiwa wapunguze maji, wanapunguza kiasi cha kila mara, kikombe leo, kikombe keshokutwa. Matokeo yake sentimita chache za juu zimelowa daima, katikati pamekauka, na chumvi inarundikana mahali pale ambapo maji yanaishia. Punguza idadi ya mara. Unapomwagilia, mwagilia kikamilifu.

Kama chungu ni kikubwa mno kwa mizani ya nyumbani, tumia kijiti kikavu cha mti kisichopakwa rangi, unene wa penseli, urefu wa kufika chini kabisa. Kizamishe taratibu karibu na ukingo, kiache dakika 10, kitoe. Sehemu iliyolowa hubadilika rangi. Ikiwa nusu ya chini bado imeloa, ondoka uende zako.

---

Kibaraza_Kijani

Ahsanteni sana. Nimepima udongo wa mlimau: nyuzi 7 saa moja asubuhi, nyuzi 10 saa nane mchana. Mchenza ni 8 na 12. Kijiti cha mlimau kimetoka kimeloa karibu chote, na sehemu ya chini ina harufu ya uozo. Cha mchenza kimelowa nusu, hakina harufu. Ndani ya kila chungu, chini kabisa, kuna tabaka la kokoto la sentimita 5 la kusaidia maji kutoka. Nifanye nini na huo mlimau?

---

Mama_Miche

Hiyo harufu ni ya mizizi inayokosa hewa, ndugu yangu. Usiongeze hata tone. Na kabla sijafika kwenye tiba, kokoto hizo zina mchango wake.

Maji hayashuki yote kwenye chungu. Hata baada ya kuacha kudondoka, chini hubaki tabaka lililojaa maji, kwa sababu udongo wa chembe ndogo huyashikilia kuliko uzito wake unavyoweza kuyavuta. Kwenye udongo laini tabaka hilo linaweza kufika sentimita kadhaa. Kwenye mchanganyiko wa chengachenga ni fupi zaidi. Unapoweka kokoto chini, maji hayaingii kwenye kokoto mpaka udongo wa juu yake umelowa chepechepe. Kwa hiyo umeliinua tabaka la maji sentimita 5 karibu zaidi na mizizi. Wakati wa joto mti ulikuwa unalinyonya lote kabla halijaleta madhara. Sasa haunyonyi, linakaa wiki nzima. Vimelea vya *Phytophthora* hupenda hali hiyo hasa, maana vijimbegu vyake huogelea kwenye maji ya udongoni hadi kwenye mizizi, na *Phytophthora citrophthora* haisubiri joto kubwa ili ishambulie.

Leo hii fanya hivi. Ondoa kisahani. Inamisha chungu kwa pembe ya nyuzi 45 hivi, tundu moja likiwa upande wa chini kabisa, ukiegemeze ukutani kwa saa mbili tatu. Maji yaliyogoma kutoka yatatoka, kwa sababu chungu kilichoinama kina kimo kikubwa zaidi kutoka juu hadi tundu la chini. Ukishakisimamisha, penyeza utambi wa kitambaa cha pamba kwenye tundu, uingie sentimita 5 ndani na uning'inie 10 nje. Utaendelea kuvuta maji kidogokidogo. Kihamishie mahali penye nyuzi 12 hadi 15 na mwanga, pasipo na jua kali, na usikiweke kando ya moto.

Subiri siku tano hadi saba. Majani yakiacha kujikunja na harufu ikipungua, endelea hivyo hivyo hadi chungu kipungue uzito alioutaja Mizani_Ndogo. Hali isipobadilika, au majani yakaanza kuwa njano kwenye mishipa huku nyama ya jani ikiwa bado kijani, mtoe mlimau uone mizizi. Dalili hiyo ya mishipa ya njano huonyesha mizizi au gome la shina limeumia.

Laza chungu, gonga ubavuni, vuta kwa kushika chini ya shina. Mizizi mizima huwa na rangi ya maziwa mazito au kahawia hafifu, na ni migumu. Iliyooza ni ya kahawia iliyokolea, laini, na ukiivuta kwa vidole ganda lake linavuliwa likabaki uzi wa ndani tu. Kama iliyooza ni chini ya robo, kata hiyo, ondoa kokoto, rudisha kwenye chungu kilekile ukijaza nafasi kwa mchanganyiko mkavukavu. Kama ni nusu au zaidi, hamishia kwenye chungu kidogo, lita 10 au 12, kinachotosha mizizi iliyobaki na sentimita 2 au 3 za nafasi pembeni. Chungu kikubwa chenye mizizi michache ni bwawa. Udongo mpya uwe na chengachenga zaidi: sehemu tatu za vipande vya magome ya msonobari vya milimita 5 hadi 10, sehemu moja ya makumbi, sehemu moja ya pamisi au perlaiti (chembe nyepesi za mawe zenye vitundu). Mchanga laini usiuweke, unaziba mianya.

Chuma malimau yote yaliyo mtini, hata mabichi, na ondoa maua. Ikiwa mizizi mingi imekwenda, punguza pia matawi kwa theluthi moja. Baada ya kupanda upya mwagilia mara moja tu kwa maji ya uvuguvugu ili udongo ukae, kisha acha.

Kuhamisha mti katikati ya baridi si jambo la kutamani, mizizi iliyokatwa haitoi mipya mpaka joto lirudi. Ndiyo maana nimekwambia usubiri kwanza. Lakini mizizi inayooza haisubiri msimu.

Mchenza wako uache. Uko salama.

---

Ukingo_wa_Paa

Kuhusu usiku wa sifuri: majibu yanapingana kwa sababu kila mmoja anazungumzia kitu tofauti.

Udongo wenye unyevu hubeba joto kuliko mkavu, na hulipitisha vizuri kutoka ndani kwenda nje. Tena maji yakianza kuganda hutoa joto, kilojuli 334 kwa kila kilo. Chungu cha lita 20 chenye kilo 6 za maji lazima kipoteze takriban kilojuli 2,000 kabla maji hayo yote hayajaganda. Hiyo ni akiba halisi ya saa kadhaa usiku. Aidha, jani lenye maji ya kutosha huvumilia upepo mkavu wa baridi kuliko jani lililosinyaa tayari. Hivyo chungu kilichokauka kabisa kimwagiliwe siku moja au mbili kabla, saa nne asubuhi hadi saa saba mchana, ili maji yapate kuenea na kupata joto la jua.

Upande wa pili: unyevu si kujaa. Chungu kilichojaa maji hakipati faida hiyo bila gharama, kwa kuwa mizizi imeshadhoofika kwa kukosa hewa. Isitoshe maji yakiganda hupanuka kwa karibu asilimia 9, na chungu cha udongo wa kuchomwa kikiwa kimeloa hupasuka. Mlimau wa mwuliza swali, wenye uzito na harufu, usiguswe kwa maji hata utabiri useme nini. Dawa yake ni kuuingiza ndani usiku huo. Mchenza wenye unyevu wa nusu hauhitaji nyongeza.

Mizizi iliyo kwenye chungu haina kinga ya ardhi. Baridi inaingia kutoka pande zote. Usitumie takwimu za miti ya shambani kama zilivyo. Kwa kukadiria, ndimu huanza kuumia karibu tu na kuganda, limau halisi kwenye -2 au -3, mchungwa karibu -4, na mchenza wa aina ya satsuma huvumilia hadi -7 au zaidi kidogo ukiwa umezoeshwa baridi polepole. Matunda yenyewe huganda kabla ya matawi, kwenye -2 au -3 hivi. Hizo ni namba za matawi, si za mizizi. Kwa chungu, mimi huchukulia 0 kuwa mpaka wa kuingiza mti ndani, aina yoyote ile.

Usinyunyizie majani maji jioni ukidhani unayakinga. Wakulima wakubwa hunyunyiza usiku kucha bila kukatiza mpaka barafu iyeyuke yenyewe. Ukinyunyiza mara moja ukaacha, maji yanayovukiza huchukua joto la jani na unaongeza baridi.

Na bonge la udongo likishaganda, usilimiminie maji ya moto. Sogeza chungu kivulini penye nyuzi 3 hadi 8, liyeyuke taratibu. Hatari iko asubuhi, jua likiwaka juu ya majani wakati maji yote ya chini ni barafu.

---

Dirisha_la_Kusini

Nadandia hapo hapo. Mndimu wangu uko ndani, chumba chenye kipasha joto, nyuzi 21, dirishani. Chungu cha lita 12 cha udongo wa kuchomwa. Unakauka kwa siku tano. Nao nauhesabu kuwa "wa baridi" niupunguzie maji?

---

Mizani_Ndogo

Hapana. Kwa mti wako majira ya nje hayana maana, ila kwa upande wa mwanga tu. Udongo una joto, hewa ya kipasha joto ni kavu, na chungu cha udongo wa kuchomwa kinapoteza maji hata kupitia ubavuni. Siku tano kwa lita 12 si ajabu. Tumia uzito uleule: ukipungua kilo 1 hadi 1.2, mwagilia.

Angalia mambo mawili. Jani linalogusa kioo usiku lina baridi, na chungu kilicho juu ya kipasha joto kinakauka kuanzia chini: juu udongo unaonekana una unyevu ilhali mizizi ya chini imekauka. Chunguza kupitia tundu la chini kwa kijiti. Hali ni hiyohiyo kwa wanaotumia mkeka wa umeme wa kupasha mizizi. Wakiuweka kwenye nyuzi 18 hadi 20 mti unaamka na kiu yake inarudi, basi ratiba ya "mti uliolala" haiufai tena.

Kupulizia majani maji ya chupa hakupandishi unyevu wa hewa kwa zaidi ya dakika chache. Heri kusogeza chungu mita moja na nusu kutoka kwenye kipasha joto. Kupulizia kuna faida moja tu, kuosha vumbi na kuwasumbua utitiri wekundu, ambao hustawi kwenye hewa kavu. Geuza jani, pulizia upande wa chini.

---

Dirisha_la_Kusini

Nimeelewa. Na kama umekauka kupita kiasi, maji yakawa yanapita pembeni na kutoka chini papo hapo?

---

Mama_Miche

Makumbi na mboji vikikauka sana hukataa maji, na bonge hujitenga na ukuta wa chungu. Usidanganyike na maji yanayotoka chini. Weka chungu ndani ya beseni lenye maji ya nyuzi 20 hadi 25, kina kifike theluthi mbili ya kimo cha chungu, dakika 20 hadi 30, mpaka juu ya udongo pabadilike rangi. Toa, acha kidondoke kabisa kabla ya kukirudisha. Kisha bonyeza udongo wa pembeni kwa vidole uzibe ule ufa. Fanya hivyo mchana, na kwa mti ulio kwenye chumba chenye joto tu. Mti ulio kwenye nyuzi 8 ukikauka namna hiyo, mwagilia kikombe kimoja kila nusu saa hadi udongo uanze kupokea; ukiuzamisha kwenye beseni utabaki umelowa mwezi mzima.

---

Kibaraza_Kijani

Mlimau nimeuinamisha, umetoa maji mengi kuliko nilivyotegemea. Utambi nao unadondosha. Limebaki swali la joto la maji ya bomba, na kama kuna ubaya kuacha mchenza ukauke kidogo zaidi. Nimesikia ukame husaidia uchanue.

---

Shina_na_Tawi

Maji ya bomba yenye nyuzi 5 yakiingia kwenye udongo wa nyuzi 12 yanaushusha, na chungu kilicho kivulini hakirudishi joto hilo haraka. Jaza ndoo jioni, iache ndani ya nyumba, mwagilia asubuhi yakiwa 18 hadi 22. Usizidishe 30. Faida nyingine ya kuwahi asubuhi ni kwamba udongo unapata saa kadhaa za kupasha kabla ya usiku.

Kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, kila umwagiliaji unapandisha pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo (namba ikipanda, uchachu hupungua). Jamii ya mchungwa hupenda 6 hadi 6.5, ikipita 7, chuma na manganizi hazipatikani na majani machanga yanakuwa njano kati ya mishipa. Maji ya mvua yaliyokingwa ni bora. Maji yaliyolainishwa kwa mashine ya chumvi usiyatumie hata kidogo, yamejaa sodiamu.

Kuhusu maua: ni kweli ukame huchochea uchanuaji, lakini baridi hufanya kazi hiyohiyo. Wiki kadhaa chini ya nyuzi 20 zinatosha, na mchenza wako unazipata bila kuomba. Ukiongeza ukame juu ya baridi utakachopata ni majani kudondoka, na maua ya mti usio na majani hayashiki matunda. Uache upungue kilo 2, basi.

Joto la udongo likirudi juu ya 15 mchana kwa siku kadhaa mfululizo, utaona machipukizi ya sentimita moja au mbili. Hapo ndipo uoshe chumvi za msimu mzima: pitisha maji ya uvuguvugu lita 40 kwenye kila chungu cha lita 20, taratibu, kwa muda wa saa moja, yote yatoke. Kwa mlimau fanya hivyo ikiwa tu mizizi imethibitika ni mizima na kokoto zimeshaondolewa. Mbolea ianze wiki mbili baadaye, nusu ya kipimo.